Seli za trabekula

Seli za trabekula ni seli zinazofunika wavu mwembamba wa tishu ulio kwenye pembe kati ya konea na irisi, ambamo majimaji ya sehemu ya mbele ya jicho huchujwa yakielekea kwenye mishipa ya damu. Shinikizo la jicho kwa kawaida huwa milimita 10 hadi 21 za zebaki. Likipanda, wavu hutanuka na seli zake huvutwa. Mvuto huo hutambuliwa na vipitisho vya ioni kwenye utando wa seli, vikiwemo Piezo1 na TRPV4, na utendaji wa jeni nyingi hubadilika. Badiliko lenye uzito zaidi ni kuongezeka kwa vimeng'enya vya MMP, ambavyo hukata nyuzi za protini zinazozunguka seli, hivyo majimaji hupita kwa urahisi na shinikizo hushuka. Jeni ya MYOC nayo huamshwa na mvuto. Mwaka 1997 mabadiliko ya jeni hiyo yalihusishwa na glaukoma, yaani presha ya macho: protini yenye kasoro hurundikana ndani ya seli badala ya kutolewa nje. Glaukoma huharibu neva ya jicho, na uoni uliopotea haurudi.