Simu ya mkononi haivuki mwamba

WACHUNGUZI wa mapango na wachimbaji wadogo wa dhahabu wanaoshuka mashimoni Namungo, wilayani Ruangwa mkoani Lindi, wana tatizo moja: simu ya mkononi hupoteza mtandao muda mfupi baada ya kuingia chini ya ardhi.

Sababu ni masafa. Simu za GSM hutumia mawimbi ya megahezi 900 na 1800, ambayo hunyonywa upesi na mwamba na udongo wenye unyevu. Hata juu ya ardhi, vilima vya Nachingwea na Ruangwa vinaweza kuziba mawasiliano na mnara.

Mawimbi ya masafa ya chini hupenya zaidi. Waokoaji wa mapangoni nchini Uingereza wana redio iitwayo HeyPhone, inayotumia kilohezi 87. Redio hizo zilipelekwa Tham Luang, Thailand, mwaka 2018, vijana 12 wa timu ya soka na kocha wao walipokwama pangoni. Wote 13 waliokolewa.

Pasipo redio hiyo, simu ibaki kwa mtu aliye juu, mahali ambapo mtandao umejaribiwa kabla ya safari. Mtu huyo awe na majina ya walioshuka na saa waliyoahidi kurejea. Saa hiyo ikipita, apige mara moja 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, au 112, Polisi.

Walioshuka wazime simu zao, kwani simu inayotafuta mtandao humaliza chaji haraka. Chaji hiyo itahitajika watakapotoka.