Kompyuta Yako Yafuata Saa Ipi?

Sisi watu wa Pwani twaishi na saa mbili. Saa mbili asubuhi kwetu, kompyuta huiandika 8:00. Hilo twalijua tangu utotoni. Wasilolijua wengi ni kuwa kompyuta nayo ina saa kadhaa ndani yake, na si zote za kuaminika sawa.

Jambo hili si la mafundi peke yao. Tarehe ikiharibika, tovuti za benki na za serikali hukataa kufunguka, kwa kuwa vyeti vyao vya usalama vina siku ya kuanza na siku ya kwisha. Dukani, mauzo ya jioni huandikwa kabla ya yale ya asubuhi. Ukizuka ugomvi wa pesa, rekodi haikusaidii. Na Malindi imewahi kushuhudia thamani ya saa nzuri. Tarehe 12 Disemba 1970, setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Ngomeni. Setilaiti hiyo ndiyo iliyogundua kuwa chanzo kimoja cha miale ya eksirei angani, Centaurus X-3, hupiga kama mshipa kila baada ya sekunde 4.8 hivi. Bila saa thabiti, mapigo hayo yasingejulikana.

Saa ya betri. Hii hutembea hata kompyuta ikizimwa, kwa betri ya duara kama sarafu, mara nyingi CR2032 ya volti 3. Ndani yake mna kipande cha fuwele kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Kosa la sehemu 20 kwa milioni, ambalo ni la kawaida, ni sekunde 1.7 kwa siku, karibu dakika nzima kwa mwezi. Fuwele hizi hutengenezwa zikae sawa kwenye nyuzijoto 25 hivi. Joto likizidi, hupunguza mwendo. Kompyuta iliyo chini ya mabati haina budi kuchelewa kidogo.

Saa ya kazi. Kompyuta ikiwaka, mfumo endeshi husoma saa ya betri mara moja, kisha huhesabu wenyewe kwa kihesabio kingine. Kwenye Linux, andika:

cat /sys/devices/system/clocksource/clocksource0/current_clocksource

Jibu huwa mojawapo ya haya:

- *tsc*: kimo ndani ya prosesa, tangu Pentium ya 1993. Husomwa upesi kuliko vyote. Zamani kilibadili mwendo prosesa ilipopunguza kasi. Prosesa za sasa zimeondoa kasoro hiyo.
- *hpet*: kiko nje ya prosesa. Ni thabiti, ila husomwa polepole.
- *acpi_pm*: cha zamani, huhesabu mara 3,579,545 kwa sekunde. Nacho ni cha polepole, lakini hutegemewa.
- *kvm-clock*: cha kompyuta pepe iliyo ndani ya seva. Kiache kilivyo.

Linux huchagua yenyewe, na huilinganisha tsc na kihesabio kingine. Ikiiona yayumba, huiacha na kuhamia hpet au acpi_pm. Hapo usiilazimishe irudi kwa kutaka kasi. Afadhali saa ya polepole iliyo sahihi.

Saa ya nje. Hakuna kihesabio cha ndani kisichopotea kabisa. Washa usawazishaji wa saa kwa intaneti, yaani NTP, utaratibu uliobuniwa na David Mills wa Marekani katika miaka ya 1980. Pasipo na intaneti, kipokezi cha GPS chafaa, kwa kuwa setilaiti zake hubeba saa za atomiki.

Kosa lenyewe hukwambia chanzo:

- Sekunde au dakika chache: fuwele. Washa NTP.
- Miaka mingi nyuma kila ukiwasha: betri imekufa. Badilisha.
- Masaa 3 kamili: Windows na Linux zimo kwenye kompyuta moja. Windows huichukulia saa ya betri kuwa ya Kenya, Linux huichukulia kuwa ya UTC, na sisi tuko masaa 3 mbele. Kwenye Linux andika: timedatectl set-local-rtc 1
- Masaa 6 kamili: mashine haina kosa. Kuna mtu ameweka saa ya Kiswahili, akaandika 2:00 badala ya 8:00.

Basi kabla hujampelekea fundi, tazama kwanza imepotea kwa kiasi gani. Huenda dawa ni betri ya duara tu, au kumuuliza aliyeshika zamu asubuhi.