Ukuta Unaopitika Bila Kutobolewa

Sisi wa Salamabila tunaujua ukuta wa mwamba. Unataka dhahabu ya Namoya? Shika nyundo na mtarimbo, piga mpaka jiwe likubali. Leo nawaletea historia ya ukuta mwingine, unaopitika bila kutobolewa.

Mwaka 1909, kule Manchester, Geiger na Marsden walirusha chembe za alfa kwenye bamba jembamba sana la dhahabu. Nyingi zilipita, chache zikarudi nyuma. Kutokana na hapo, mwaka 1911, Rutherford akatambua kwamba katikati ya atomu kuna kiini kidogo mno, chenye ukuta wa umeme unaosukuma alfa mbali.

Basi likabaki fumbo. Alfa za kutoka nje zilishindwa kuuvuka ukuta wa kiini cha urani. Lakini urani yenyewe hutoa alfa zenye nishati nusu tu ya hizo zilizoshindwa. Sasa hizi dhaifu zilitokaje ndani?

Mwaka 1928 George Gamow akajibu, na Gurney na Condon kwa upande wao: alfa si kokoto tu, ni wimbi pia. Wimbi likifika ukutani halikatiki ghafla. Linafifia humo ndani, na sehemu ndogo hutokea ng'ambo. Bahati hiyo ni ndogo mno, ndiyo maana urani-238 huchukua miaka bilioni 4.5 kupungua nusu.

Mwaka 2002, Greiner, Bloch na wenzao wa Munich walitangaza kazi yao ya kuta za mwanga wa leza, zilizoshika atomu za rubidi zilizopozwa sana. Wakipunguza mwanga, atomu zinapenya toka kishimo hadi kishimo. Wakiuongeza, kila moja inabaki mahali pake.

Mbona nayasema haya? Kwa sababu mawe ya Shinkolobwe, Katanga, ndiyo yaliyoifanya Ubelgiji kuongoza biashara ya radiamu miaka ya 1920. Jiwe lilitoka kwetu, swali likaulizwa kwingine. Ila mwaka 1959 kinu cha kwanza cha nyuklia Afrika, TRICO, kiliwashwa hapa hapa Kongo, kwenye chuo cha Lovanium, Kinshasa ya leo.

Kijana wetu akisema fizikia haileti chakula, tusimcheke. Tukienda likizo, tukae naye, tumwonyeshe hesabu ya Gamow. Kalamu na karatasi zinatosha kuanza.