Miaka 20 ya Kungoja: JLA/Avengers na Mkono wa George Pérez

Haya jamani, leo tuweke kazi kando kidogo. Wiki nzima nimehangaika kuunganisha mifumo miwili ya kompyuta iliyoandikwa na watu wasiojuana, kila mmoja na sheria zake. Nilipochoka nikatoa rafuni kitabu cha katuni ninachokipenda kuliko vyote, JLA/Avengers. Nikacheka peke yangu, maana nacho kinasimulia tatizo lilo hilo.

Kwa wasiofahamu: Marekani kuna kampuni mbili kubwa za katuni za mashujaa. DC ina Superman, Batman na Flash, na kikosi chao ni Justice League. Marvel ina Captain America, Thor na Iron Man, na kikosi chao ni Avengers. Ni mahasimu wa biashara, lakini mwaka 1976 walikubali kuwakutanisha Superman na Spider-Man. Mwaka 1983 ikawa zamu ya vikosi vizima. Gerry Conway akatunga hadithi, George Pérez akaanza kuchora. Alikuwa amechora kurasa zipatazo 20 pale wahariri wa pande mbili walipozozana kuhusu hadithi, na mradi ukafa. Aliyewahi kuandika programu ikatupwa kabla ya kutoka anaujua uchungu huo.

Pérez alizaliwa New York mwaka 1954, katika familia yenye asili ya Puerto Rico. Alikuwa amechora Avengers miaka ya 1970 na Justice League kuanzia 1980, kwa hivyo nyumba zote mbili alizijua vyumba vyake. Mradi ulipofufuka na kutoka mwaka 2003 na 2004, matoleo manne, mwandishi akiwa Kurt Busiek, mchoraji alikuwa ni yeye yule. Alichora kwa penseli na kwa wino mwenyewe. Tom Smith akatia rangi.

Sasa utamu wenyewe. Busiek hakuwapiganisha mashujaa ovyo ovyo. Flash anapovuka kuingia ulimwengu wa Marvel, mbio zake zinaisha, kwa sababu nguvu anayoitegemea kule haipo! Ninyi waandishi wa programu mmeshanielewa: maktaba haikusakinishwa. Superman anaona dunia ya Marvel imejaa chuki na magofu, anadhani Avengers ni wazembe. Captain America anaona majumba ya makumbusho yaliyojengewa mashujaa wa DC, anadhani hawa wanataka kuabudiwa. Kila mmoja anauhukumu mfumo wa mwenzake kwa vipimo vya nyumbani kwake. Wa kwanza kushtuka ni Batman na Captain America: wanapimana nguvu kidogo, kisha wanaacha ngumi na kuanza kuchunguza pamoja.

Halafu kuna toleo la tatu. Malimwengu yamechanganyika na mashujaa wanaonyeshwa historia yao ya kweli, pamoja na misiba yote. Barry Allen na Hal Jordan wanaona vifo vyao wenyewe. Wangeweza kuiacha dunia ilivyo wakaishi. Wanachagua kuirudisha jinsi ilivyokuwa, kwa kuwa haikuwa yao kuibadilisha. Nimesoma ukurasa ule mara nyingi na bado unanikaba koo.

Na michoro! Jalada la toleo hilo lina wahusika zaidi ya 200, kila mtu aliyewahi kuwa katika vikosi hivyo, na kila uso ni wa mtu tofauti. Pérez aliumia mkono kwa kulichora. Hakunakili na kubandika. Katika toleo la nne Superman anashika nyundo ya Thor na ngao ya Captain America kwa pamoja. Picha hiyo ingeweza kuwa kelele tupu, lakini nyuma yake kila shujaa yuko mahali pake, na jicho linajua pa kuanzia. Mimi huirudia ninapotaka kujua namna ya kupanga vitu vingi kwenye kioo kimoja bila kumchosha mtumiaji.

Desemba 2021 Pérez alitangaza kuwa ana saratani ya kongosho isiyoweza kufanyiwa upasuaji. Marvel na DC, hasimu wale wale, wakakubaliana tena, na mwaka 2022 nakala 7,000 zikachapishwa kwa ajili ya Hero Initiative, shirika linalosaidia waandishi na wachoraji wa katuni walio na shida. Alifariki tarehe 6 Mei 2022, akiwa na umri wa miaka 67.

Kazi ya 1983 ilitupwa, lakini mwenyewe hakuiacha. Basi ukikutana na kitabu hiki, usikimbilie maneno. Kaa na jalada la tatu dakika kumi, uhesabu nyuso. Nami narudi kwenye mifumo yangu miwili. Pengine leo nitaanza kwa kusoma sheria za upande wa pili.