Kamati za Bunge: Tarikhi Itazamwayo Kutoka Lipingo

Miongoni mwa wabunge watano walioiandaa taarifa iliyomfanya Waziri Mkuu wa Tanzania ajiuzulu Februari 2008, mwanamke alikuwa mmoja tu, Mhandisi Stella Manyanya, wakati huo Mbunge wa Viti Maalumu, ambaye mwaka 2015 wapiga kura wa Jimbo la Nyasa, watu wa Lipingo wakiwa pamoja nao, walimpa dhamana ya kuwasemea bungeni. Na ukiufuata mwambao huu wa Ziwa Nyasa kwenda kaskazini, ukapita Lituhi na kuuvuka mto Ruhuhu, unaingia Ludewa, jimbo la marehemu Deo Filikunjombe, aliyekuwa Makamu Mwenyekiti wa Kamati ya Hesabu za Serikali ilipowasilisha bungeni taarifa ya fedha zilizochotwa katika akaunti ya Escrow ya Tegeta Novemba 2014.

Mwambao mmoja, basi, umehusiana na wajumbe wawili walioingia katika mashauri mawili miongoni mwa makubwa yaliyopata kupitia mikononi mwa kamati za Bunge letu. Hata hivyo, ilhali jina la mbunge hujulikana mpaka kwa watoto waanikao usipa mchangani, kazi ya kamati, ambayo ndiyo imlayo mbunge sehemu kubwa ya juhudi zake, aghalabu haijulikani. Na sababu yake si uzembe wa wananchi wala upungufu wa akili zao, bali ni tarikhi yenyewe ya kamati hizo, zilizozaliwa faraghani na kulelewa faraghani.

Asili yake iko ng'ambo. Mwaka 1861 Bunge la Uingereza, kwa shauri la waziri wake wa fedha, William Gladstone, liliunda kamati ya kudumu ya kukagua namna serikali ilivyotumia fedha iliyoidhinishiwa, na mfano huo ukafuata bendera ya Waingereza kila ilikotwekwa. Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilipoanza mwaka 1926, chini ya Gavana Donald Cameron, halikuwa na Mwafrika hata mmoja; wa kwanza, Chifu Kidaha Makwaia na Chifu Abdiel Shangali, waliteuliwa mwaka 1945, na mpaka hapo mwenyeji alikuwa mtawaliwa asiyeulizwa lolote juu ya kodi yake.

Uhuru ulileta wabunge wetu, lakini haukuleta mara moja nguvu ya kamati. Chama kilipokuwa kimoja kwa mujibu wa Katiba ya mwaka 1965, na kisha ukuu wa Chama ulipotangazwa mwaka 1975, mambo mazito yalikatwa katika vikao vya Chama, na Bunge likabaki kuyapa sura ya sheria. Haifai kuwadharau wabunge wa wakati ule, kwani wako waliosema kweli. Lakini chombo kisichoweza kuikataza serikali hakina haja kubwa ya kuichunguza. Sheria ya Haki, Kinga na Madaraka ya Bunge ya mwaka 1988 ilizipa kamati uwezo wa kuita mashahidi na kudai hati, nao uwezo huo ukakaa kama jembe jipya lililotundikwa ukutani, likingoja msimu.

Msimu ulikuja kwa Kanuni za Bunge za mwaka 2007, enzi ya Spika Samuel Sitta. Kamati za hesabu zikawa chini ya wenyeviti wa upinzani: John Cheyo katika hesabu za serikali, Dkt. Willibrod Slaa katika hesabu za serikali za mitaa, na Zitto Kabwe katika hesabu za mashirika ya umma. Novemba mwaka huo huo Bunge liliunda Kamati Teule chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe, ichunguze mkataba wa umeme wa dharura uliopewa kampuni ya Richmond wakati ukame wa mwaka 2006 ulipoyakausha mabwawa. Wajumbe walihoji mashahidi na kupekua mafaili, kisha tarehe 6 Februari 2008 taarifa ikasomwa bungeni, mbele ya taifa zima lililokuwa likisikiliza. Siku iliyofuata Waziri Mkuu, Edward Lowassa, akajiuzulu, na mawaziri wawili pamoja naye. Naamini kwa yakini kwamba nguvu ya taarifa ile ilitokana na kusomwa kwake hadharani kama ilivyotokana na ushahidi wake. Ingalifungiwa kabatini, ingalikuwa karatasi.

Tangu hapo mwendo umekuwa wa kupanda na kushuka. Mwaka 2013 ilianzishwa Kamati ya Bajeti, na bajeti ikaanza kupitishwa kabla ya mwaka wa fedha kuingia; hiyo ilikuwa heri. Mwaka huo huo Kamati ya Hesabu za Mashirika ya Umma ilivunjwa na kazi yake kutiwa katika Kamati ya Hesabu za Serikali, nami nahesabu jambo hilo kuwa hasara, kwa kuwa mashirika ni mengi na macho ni machache. Baada ya uchaguzi wa 2015 ilibidi iundwe kamati nyingine ya uwekezaji wa mitaji ya umma. Kisha Januari 2016 serikali ikatangaza kusitisha matangazo ya moja kwa moja ya vikao vya Bunge katika televisheni ya taifa. Kwa mtu wa mjini hilo lilikuwa upungufu. Kwa mtu wa Lipingo, ambaye Dodoma kwake ni safari ya Mbinga, Songea, Njombe na Iringa, lilikuwa dirisha lililofungwa.

Na Lipingo ina haki ya kutazama. Tangu Wilaya ya Nyasa ilipomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, halmashauri yake ina hesabu zake, nazo hukaguliwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, ambaye hukabidhi taarifa kwa Rais kila mwisho wa Machi. Ikiisha kuwasilishwa bungeni, sehemu ya halmashauri huangukia Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa. Zahanati isiyo na dawa na darasa lisilo na paa huonekana kijijini, lakini huulizwa katika kamati hiyo.

Kwa hiyo nawasihi wenye mamlaka ya Bunge: kamati hiyo na ije huku Nyasa, Mbamba Bay, ikae hadharani, iwahoji maofisa mbele ya wavuvi na wakulima wa mihogo, na mahojiano yatangazwe redioni kwa Kiswahili chepesi. Nawe msomaji wa Lipingo, taarifa ya Mkaguzi iwasilishwapo bungeni ni mali yako. Mwombe diwani wako akusomee yaliyoandikwa juu ya Nyasa, na ukiona yasiyolingana na yale uyajuayo, mwandikie Katibu wa Bunge, Dodoma, utaje kamati unayoiandikia.