Megabaiti zako zimeenda wapi?

Leo tuangalie historia ya jambo dogo: kwa nini mashine pepe, yaani kompyuta inayoigizwa na programu ndani ya kompyuta nyingine, wakati mwingine haipewi kumbukumbu sawasawa na ile uliyoiagiza.

Chanzo ni cha zamani. Mwaka 1967, huko Cambridge, Massachusetts, IBM walikuwa wakiendesha mashine pepe kwa programu ya CP-67 kwenye kompyuta ya System/360 Model 67. Kompyuta hiyo iligawa kumbukumbu katika kurasa za baiti 4,096. Intel nao walitumia ukubwa huo huo kwenye 80386 mwaka 1985. Nusu ukurasa haigawiwi. Ni kama unga wa pakiti za kilo mbili: ukitaka kilo tatu, mwenye duka atakupa mbili au nne. Si kosa, mradi akuambie kabla hujalipa.

Wengine wana pakiti kubwa zaidi. VMware, waliotoa programu yao ya kwanza mwaka 1999, hutaka megabaiti zinazogawanyika kwa 4. Hyper-V ya Microsoft, iliyotoka 2008, hutaka zinazogawanyika kwa 2. Basi 510 inapita Hyper-V lakini VMware inakataliwa.

Tatizo la pili ni jina. Megabaiti ni baiti 1,000,000 au 1,048,576? Mwaka 1998 shirika la viwango la IEC lilitoa jina jipya, mebibaiti, kwa hiyo ya pili. Tofauti si ndogo: kwa mashine ya 512 ni baiti 24,870,912. Ukiwa na mashine 20 kwenye seva moja, ni karibu milioni 500, nafasi ya kutosha karibu mashine nyingine nzima.

Nawasifu watu wa libvirt, programu ya kusimamia mashine pepe za aina nyingi. Tangu toleo la 0.9.11 la mwaka 2012, unaweza kutaja kipimo chenyewe: KB ni 1,000, KiB ni 1,024. Nyaraka zao zinasema wazi kwamba kiasi hupandishwa hadi kibibaiti nzima, na kwamba programu ya chini yake inaweza kukipandisha tena.

Kwa maoni yangu, sentensi hiyo moja ina thamani kuliko kurasa nyingi za maelezo. Wewe unayeandika programu, ukibadilisha nambari ya mtumiaji, mwambie.