Wembe Uko Mkononi mwa Nani?

Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Methali hii tuliimbiwa darasani mpaka ikatuchosha, na mwalimu alitosheka tukijibu kwamba inafunza tahadhari. Sawa. Lakini hebu isome tena ukiwa na akili ya mtu anayetafuta historia. Ndani yake mna watu watatu: anayenyolewa, anayenyoa, na wewe unayengoja zamu yako huku unalowesha nywele zilainike. Wembe ni mmoja tu. Kioo hakitajwi. Hakuna anayejinyoa.

Ongeza ile ya kinyozi hajinyoi. Ongeza na wembe ni ule ule, ambayo siku hizi mashabiki wa mpira hutishiana nayo kabla ya mechi: uliomnyoa jirani ndio utakaokunyoa wewe. Waliotunga misemo hii waliishi katika dunia ambamo kichwa na kidevu chako vilikuwa kazi ya mkono wa mtu mwingine. Kwa hivyo nikitaka kujua wanaume wa hapa kwetu wamenyoa vipi kizazi baada ya kizazi, siulizi kwanza chuma kilikuwa kikali kiasi gani. Nauliza nani alikuwa amekishika.

Zamani jibu lilikuwa rahisi: mtu wako. Wahunzi walifua wembe wa chuma, ule ambao Wakikuyu huuita rwenji, na wembe huo ulitokea kila maisha yalipopiga kona. Pwani, na kwingineko kwenye Waislamu, mtoto hunyolewa nywele alizozaliwa nazo siku ya saba. Kwa Wajaluo kulikuwa na liedo, kunyolewa kwa jamaa wa marehemu baada ya mazishi. Na Wamaasai wana eunoto, sherehe inayomtoa moran kwenye ujana. Mama mzazi humkalisha mwanawe, akazilowesha zile nywele ndefu zilizopakwa ngeu kwa maji na maziwa, kisha akazinyoa zote. Wengine hulia. Kijana aliyefika pale shujaa huondoka na kipara kinachong'aa na majukumu ya mtu mzima, na aliyembadilisha ni mama yake akiwa na wembe.

Kisha akaja muuza vizibo.

King Camp Gillette alikuwa wakala wa mauzo huko Marekani, katika kampuni ya William Painter, aliyevumbua kile kizibo cha bati chenye meno tunachobandua kwenye chupa za soda hadi leo. Painter alimshauri abuni kitu ambacho mtu atakitumia, atakitupa, halafu atarudi kununua kingine. Mwaka 1895, Gillette akiwa ananyoa ndevu, wazo likamjia. Wembe wa wakati ule ulikuwa kisu kirefu cha kukunja, kilichohitaji kunolewa kwa ukanda wa ngozi na mkono usiotetereka, ndiyo maana wengi waliwaachia vinyozi. Yeye alitaka kibati chembamba chenye makali pande mbili, kinachobanwa ndani ya kishikio. Wataalamu wa chuma walimwambia haiwezekani, mpaka mhandisi William Nickerson alipopata namna ya kukikaza na kukinoa. Mwaka 1903, wa kwanza wa mauzo, viliuzwa vishikio 51 na nyembe 168. Idadi hiyo ingetosha kijiji tu.

Vita ndivyo vilivyomaliza kazi. Marekani ilipoingia katika Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali yake iliagiza vishikio milioni 3.5 na nyembe zaidi ya milioni 30 kwa ajili ya wanajeshi. Kizazi kizima cha vijana kikajifunza kunyoa peke yake, kila mtu na kioo chake, kikarudi nyumbani na tabia hiyo. Wembe ukawa umehamia mkononi mwa mwenye kidevu.

Ukafika na kwetu. Guka wangu, baba yake baba, alizaliwa Nyeri mwaka 1938. Alikuwa na miaka 18 Oktoba 1956, Dedan Kimathi alipokamatwa, na ile picha ya Kimathi amelazwa, nywele zimesokotana za msituni, kila mtu wa rika lake anaikumbuka. Guka husema kwamba siku zile nywele ndefu zilikuwa kesi tosha, na kijana aliyetaka kufika sokoni bila maswali alihakikisha kidevu kimetakata. Alinunua kishikio cha chuma alipopata kazi yake ya kwanza. Anacho mpaka leo. Kila Jumapili asubuhi: maji moto kwenye karai, brashi, kipande cha sabuni kilichobaki, povu mpaka masikioni, na hakuna kumsemesha.

Baba yangu alirithi kioo lakini hakurithi kishikio. Kizazi chake kilishika ule wembe wa plastiki wa kutupa, ambao Bic walianza kuuza mwaka 1975. Halafu Ukimwi ukaja. Kisa cha kwanza Kenya kilitambuliwa mwaka 1984, na Novemba 1999 Rais Moi akautangaza kuwa janga la kitaifa. Ghafla wembe ni ule ule likawa onyo la hospitali. Watu wakaanza kwenda kwa kinyozi na wembe wao mfukoni, na kwenye matanga wazee wakalazimika kuuliza swali ambalo halikuwahi kuulizwa: huu umemnyoa nani?

Sisi wa baada ya hapo tuliujua wembe kama hatari kabla ya kuujua kama kifaa. Tuliuvunja nusu tukachongea penseli, na kwenye somo lilelile tukaambiwa tusichangie vitu vyenye makali. Ndevu zilipoota, tulienda moja kwa moja kwa mashine. Unakaa, jamaa anapitisha, anapaka spiriti, unakunja uso, unalipa, unatoka.

Kuna jambo lakini wazee walilipatia bila kuambiwa na daktari. Nywele zetu hujikunja. Ukizikata chini sana, ncha hurudi kuingia kwenye ngozi, na ndipo vile vipele vya kidevu hutokea. Mwaka 1998 Gillette walileta wembe wa makali matatu, 2006 wakafika matano, na kila kali lililoongezwa lilikuwa la kukata karibu zaidi. Kwa wengi wetu hiyo ni njia ya kununua vipele kwa bei ghali. Maji moto, povu, wembe mmoja, kufuata nywele zinakolala: ndio utaratibu wa Guka, na kibati chake dukani ni shilingi 10.

Mwaka jana mikono yake ilianza kutetemeka. Akajikata mara mbili, akaacha. Ndevu nyeupe zikaota, akawa hataki kwenda kanisani, na hakusema sababu. Mimi ndiye ninayeshinda nyumbani mchana, faida mojawapo ya kuacha chuo na kuandika kwa kulipwa siku wakikumbuka. Nikachemsha maji.

Sikuwahi kumshika uso. Ngozi ya mzee ni laini, lazima uivute kwa kidole ndipo wembe upite, na shingoni mshipa unaupiga mkono wako. Guka huniita wakinĩ, maana yake wa rika langu, kwa kuwa nimebeba jina lake. Aliniamuru hivi: usibonyeze, wakinĩ, wacha uzito wa chuma ufanye kazi. Halafu akafumba macho, akainua kidevu.

Ilinichukua karibu nusu saa. Nilipomfuta sabuni ya mwisho, baba alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu saa ngapi, anajipapasa shavu. Akauliza kama maji bado ni moto.